Kilo Tatu

Tangu Jumamosi nyumba ya Mathew Kiptanui ilikuwa haina raha, na kosa lote, kila mtu alikubali, lilikuwa la kompyuta. Kompyuta haina mdomo wa kujitetea, kwa hiyo ilibebeshwa yote. "Ni hiyo kitu mpya waliweka," alisema Mathew. "Si tungeiacha tu na ile ya zamani," alisema Rodah, mkewe. Binti yao Valary hakusema neno, kwa sababu yeye ndiye aliyeipeleka ikawekwe hiyo kitu mpya, na yeye ndiye aliyekuwa na haraka.

Valary alikuwa muuguzi wa miaka ishirini na saba, mwenye cheti, leseni, na kikapu cha kuchumia chai. Kikapu ndicho kilichomlisha. Alikuwa ameomba kazi mara kumi na nne, humu nchini na nje, na katika hizo zote ni hospitali moja tu ya ng'ambo iliyomjibu kwa jina lake: Alhamisi, saa nane kamili mchana, angehojiwa kupitia kompyuta. Masharti yalijaa ukurasa mzima. Awe peke yake chumbani. Kusiwe na kelele. Asitumie simu. Kompyuta iwe na mfumo mpya, wa zamani hautakubaliwa. Na chini kabisa, mstari mfupi: atakayechelewa zaidi ya dakika ishirini amejitoa mwenyewe, na hataitwa tena.

Ndiyo maana Jumamosi aliibeba kompyuta hadi sokoni Mogogosiek kwa Kinuthia, fundi wa simu na kompyuta, ambaye duka lake linabanana ukuta kwa ukuta na kinu cha kusaga posho. Kinuthia alizaliwa pale pale. Baba yake alikuja zamani na lori la viazi akasahau kurudi, na Kipsigis anakiongea kuliko watoto wengi wa siku hizi. Kazi anaijua. Shida yake ni mdomo.

"Hii ya zamani wenyewe walishaizika," alimwambia Valary. "Ukiingia nayo kwa intavyu, hao wazungu hawakufungulii mlango. Nakuwekea mpya. Kesho utaniambia."

Kesho yake alikuwa na la kumwambia. Kompyuta ilifunguka upesi, ikang'aa, ikaonyesha picha ya ziwa ambalo hakuna aliyelijua. Lakini mtandao, hakuna.


Nyumba ya Mathew iko bondeni, chini ya chai. Simu hushika kwa kupiga na kupokea tu. Ukitaka intaneti, kwaheri. Dawa yake waliitafuta wenyewe miaka miwili nyuma: modemu ndogo, ile ya kuchomeka, waliifunga ndani ya karatasi ya maziwa isiloe, wakaipandisha juu ya mti mrefu wa mwanzi uliofungwa kwenye paa, na waya wake ukashuka dirishani mpaka mezani. Majirani walicheka wakauliza kama Mathew anafungua kanisa. Wiki ya pili walikuja na fomu zao za basari, wakiomba wasaidiwe kidogo tu.

Ndani ya modemu hiyo kulikuwa na laini ya chai. Kila mkulima pale ana nambari aliyoandikisha kwenye banda la kupimia majani. Karani akishapima, meseji ya kilo inaingia kwenye nambari hiyo. Simu ya Mathew ina nafasi mbili za laini, na moja ilikufa kitambo, kwa hiyo laini ya chai ilihamia juu ya paa na ikafanya kazi mbili. Kila jioni Valary alifungua programu ya modemu, akasoma meseji kwa sauti: "Ishirini na nane, baba." Naye Mathew akajibu, "Sawa," kama mtu anayeitikia sala. Huo ulikuwa mtindo wa nyumba. Hakuna aliyeufikiria.

Mfumo mpya uliua vyote viwili. Programu ya modemu ilikataa kufunguka, mtandao ukapotea, na kilo pia zikapotea. Jumatatu Valary alipanda paa, akaifungua modemu, akaipeleka dukani. Kinuthia aliichomeka, akaichomoa, akaichomeka tena.

"Kompyuta inaiona kama sidii, si kama modemu," alisema. "Laini yako ni nzima, nimeipanguza nikairudisha kwa mkono wangu. Lakini hii modemu, sista, ni ya kuzika. Pole."

Maneno hayo Valary aliyaleta nyumbani vile yalivyo. Ni ya kuzika. Alipanda tena paa akaifunga mahali pake, maana hata maiti huwekwa mahali, na Mathew aliyekuwa akikunywa chai mlangoni alisikia vizuri sana.

Halafu Jumatano jioni Kinuthia akapiga simu. Amepata kitu. Kuna mtu ametengeneza programu mpya ya hizo modemu za zamani. Alete kompyuta kesho asubuhi, modemu asilete, jina la modemu alishaliandika Jumatatu.

Valary alimwambia mama yake jikoni. Baba yake alikuwa amelala na mafua, na hakuna aliyeona haja ya kumwamsha.


Alhamisi kulipambazuka na mawingu. Rodah alimpa Valary shilingi mia nane alizopata kwa kuuza jogoo, na leso kuukuu ya kufungia kompyuta.

"Saa nane, si ndio?"

"Saa nane, mama. Kinuthia akinimaliza mapema, saa sita niko hapa."

"Nimekupigia pasi ile blauzi nyeupe. Iko kitandani. Usiikalie."

Valary akapanda boda, Rodah akaingia shambani na kikapu. Mathew, aliyedhani binti ameenda kuhojiwa huko huko kwa fundi, alibaki na shida yake.

Shida ya Mathew ilikuwa kilo tatu. Ijumaa iliyopita mzani wa bandani ulisoma thelathini na moja, akapewa risiti ya thelathini na moja, na jioni Valary akamsomea meseji ya ishirini na nane. Jumamosi alienda kumuuliza Joab, karani. Joab alikuwa kijana wa shati safi, na alimjibu mbele ya watu zaidi ya ishirini waliokuwa kwenye foleni.

"Meseji iko wapi, mzee?"

"Iko kwa kompyuta, nyumbani."

"Basi lete kompyuta ukiwa umeibeba kichwani. Mimi hapa naona ni sawa. Hiyo ishirini na nane labda uliota."

Watu walicheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Mathew alikuwa amepeleka majani kwenye banda lile tangu Joab hajazaliwa. Alirudi nyumbani akakuta kompyuta imeshabadilishwa na meseji haifunguki tena. Siku tano akapimiwa kama kipofu. Na msimamizi wa kiwandani, mwenye uwezo wa kurekebisha makosa, huja bandani Alhamisi tu, akisikiliza malalamiko ya wiki moja nyuma, si zaidi. Kilo tatu za majani mabichi ni pesa ya sukari, mimi na wewe tunajua. Lakini mtu akichekwa mbele ya foleni, hapo si sukari tena.

Rodah alikuwa amemwambia aachane nayo. Ndiyo maana hakumwambia. Saa nne alisimamisha ngazi, akapanda polepole huku akikohoa, akafungua karatasi ya maziwa, akatoa laini ya chai, akaiweka mfukoni pamoja na risiti. Modemu si imekufa? Na maiti haihitaji laini. Akaifunga karatasi tena, vizuri kuliko ilivyokuwa, kwa kamba mpya.

"Baba Valary!" Rodah aliita kutoka shambani. "Unafanya nini huko juu na hicho kifua?"

"Nafunga hii karatasi, mvua inakuja!"

"Ee, asante!" Rodah akajibu, na moyo wake ukafurahi kabisa. Alidhani mzee naye anajali siku ya mtoto, kwa njia yake.

Mathew alitoa laini yake ya kawaida kwenye simu, akaingiza ile ya chai. Meseji zikaja moja baada ya nyingine. Ile ya Ijumaa ilikuwa bado imo ndani ya laini: kilo ishirini na nane. Alicheka peke yake. Akavaa koti, akachukua kadi ya chai na gunia la majani, akapanda kilima mapema, ili awe wa kwanza msimamizi akifika.


Dukani kwa Kinuthia Valary alikuta watu tisa. Alikaa kwenye benchi, kompyuta mapajani, akasikiliza kinu cha posho kikitetemesha ukuta. Mwalimu mmoja aliingia akapita mbele ya wote kutoa fotokopi za mitihani, kwa sababu ni mwalimu. Mama mmoja waliyekuwa wakisali naye kanisa moja alimgeukia.

"Valary! Kazi bado tu?"

"Bado."

"Na ulisoma sana hivyo! Woi. Si uolewe tu kwanza, kazi itakukuta mbele?"

Valary akatabasamu. Kuna tabasamu la watu wasio na kazi, wanalitumia kila siku hadi linaisha makali. Saa tano na nusu ndipo zamu yake ilipofika.

Kinuthia, hili nimpe haki yake, alifanya kazi kweli. Alishusha ile programu, ikakataa. Akashusha nyingine, ikakubali. Alimwonyesha mahali pa kujaza, akamwandikia kwenye karatasi nambari ya kupiga na majina ya kuingiza, hatua kwa hatua. Aliacha wateja wakimlalamikia mgongoni.

"Ukifika, chomeka, ngoja dakika mbili. Ikiiona modemu, jaza hivi nilivyoandika. Itashika. Ikikataa nipigie, usizunguke."

"Nifanyie intavyu hapa tu, Kinuthia?"

Akatazama ukuta unaotetemeka. Wakacheka wote wawili kidogo.

"Ni pesa ngapi?"

"Mia tano. Aah, leta mia tatu. Ukifika huko utanitumia saa ya mkono."


Saa saba na dakika kumi alikuwa mezani. Mvua ilikuwa imeanza. Rodah alifunga kuku mbali, akamwagia maji moto usoni mbwa wa jirani aliyekuwa akibweka, akasimama mlangoni akijipangusa mikono ambayo ilikuwa kavu.

Valary akachomeka waya. Dakika ya kwanza, kimya. Dakika ya pili kompyuta ikatoa mlio, na jina la modemu likatokea kwenye kioo.

"Imeiona! Mama, imeiona!"

"Asante Yesu!" Rodah akapiga makofi. "Si nilikwambia? Nenda uvae."

Valary akavaa blauzi upesi, akarudi, akajaza kama karatasi ya Kinuthia ilivyosema, mstari kwa mstari, akabonyeza. Kompyuta ikafikiri. Kisha ikaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna laini.

Akabonyeza tena. Hakuna laini. Akazima kompyuta, akaiwasha. Dakika sita zikaenda. Hakuna laini. Akampigia Kinuthia.

"Inasema haioni laini."

"Laini iko, mimi si nimeirudisha Jumatatu kwa mkono wangu? Hiyo ni programu inakosea. Mfumo mpya una hayo mambo. Itoe, uiweke upya."

"Programu?"

"Programu, ndiyo. Yote. Halafu anza mwanzo."

Akaitoa yote. Akaiweka upya. Saa ya ukutani ilikuwa inatangulia dakika tatu, na Rodah akawa anazitoa kwa sauti kila anapoitazama, mpaka Valary akamwomba anyamaze. Hakuwahi kumwambia mama yake anyamaze. Rodah akaigeuzia saa mgongo.

Saa saba na dakika thelathini na nane. Hakuna laini.

"Labda imeingia maji," Valary alisema. "Nipande nifungue nione?"

"Hapana, karatasi iko sawa. Baba yako ameifunga asubuhi, nimemwona kwa macho yangu. Na kamba mpya. Usiende kujichafua, utakuja kukaa mbele ya watu ukiwa na matope?"

Valary akaamini. Kwa nini asiamini? Fundi ameiona laini, mama ameiona karatasi. Akarudi kwa kompyuta, kwa mshtakiwa wa siku zote, akabadilisha hiki, akabadilisha kile, akakubali kila swali lililoulizwa na kukataa yale aliyokuwa ameyakubali. Blauzi nyeupe ililowa jasho makwapani. Saa saba na dakika hamsini akasukuma kiti, akatoka mvuani na blauzi yake, akapanda ngazi.

Kamba mpya ilifungwa na mtu aliyetaka idumu. Aliikata kwa meno. Akaivuta modemu, akafungua kifuniko kwa ukucha.

Palikuwa patupu.

Alishuka akamwonyesha mama yake. Rodah alitazama kile kijitundu, akatazama paa, akatazama njia ya kwenda bandani. Ilimchukua muda mfupi sana.

"Ijumaa," akasema. "Ni ile kelele yake ya Ijumaa. Mungu wangu, Mathew."

Valary akapiga nambari ya baba yake. Haikupatikana, laini yenyewe ilikuwa mezani, kwenye kisosi, karibu na sukari. Ile nambari ya chai hakuna aliyeikariri, iliandikwa nyuma ya kadi, na kadi ilikuwa mfukoni mwa Mathew. Rodah akampigia Janefer, jirani aliyekuwa bandani na majani yake. Simu ya Janefer ikalia ng'ambo ya ua, nyumbani kwake, wakaisikia wenyewe.

"Chukua hii ya baba, iweke!" Rodah alisema.

"Haina bando la intaneti, na yangu pia haina. Na sina hata shilingi mia kwa simu."

"Basi kaa hapa. Badilisha nguo, ujifute. Wana dakika ishirini, si ndio walisema? Nitaileta."

Na mwanamke wa miaka hamsini na nne, mwenye goti bovu, akaanza kupanda kilima akikimbia, viatu mkononi.


Bandani Mathew alikuwa anashinda.

Msimamizi alikuwa amefika punde tu, mtu mnene mwenye mwavuli, na Mathew alikuwa wa kwanza mbele yake, risiti mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Foleni yote ilinyoosha shingo. Msimamizi alisoma risiti, akasoma meseji, akasoma risiti.

"Joab. Hii ni nini?"

"Ni... labda nilikosea kuandika, bosi."

"Na ulimwambia mzee ameota?"

Mtu akacheka kwenye foleni, na safari hii hakumchekea Mathew. Ndipo Rodah alipotokea, matope hadi magotini, kitambaa cha kichwa kimeanguka shingoni.

"Baba Valary! Toa hiyo laini!"

Mathew aligeuka. Alichoona ni mke wake amemfuata mbele ya watu, akiwa miguu mitupu, siku ile ile, saa ile ile anayotendewa haki. Uso ukamwaka.

"Mama, ngoja."

"Toa laini! Mtoto anaitwa!"

"Si modemu imekufa? Ngoja dakika moja, namalizia hapa."

"Haijakufa! Imefufuka, inataka laini!"

Watu waliangua kicheko. Rodah hakujua amesema nini cha kuchekesha. Mathew alisikia kicheko tu, hakusikia neno lililokuwa ndani yake, akamgeuzia mgongo kwa hasira ya mwanamume aliyeaibishwa mara mbili kwa wiki.

"Nimesema ngoja! Msimamizi anataka kuiona hii meseji ndio arekebishe. Niiondoe sasa ilhali anaandika?"

Msimamizi alikuwa anaandika kweli, polepole, kwenye kidude chake, akiuliza nambari ya kadi tarakimu moja moja. Rodah alisimama. Angeweza kumnyang'anya ile simu. Baadaye, miezi mingi, akiwa peke yake shambani, atajiuliza kwa nini hakuinyang'anya. Alikuwa ameolewa miaka thelathini na moja, na hakuwahi kumnyang'anya mumewe kitu mbele ya watu. Akakaa pale mvuani, viatu mkononi, akihesabu kwa midomo.

"Tayari, mzee," msimamizi akasema. "Kilo tatu zako zimerudi. Joab, mwombe mzee msamaha."

"Samahani, mzee," Joab akasema.

Katika maisha yake yote Mathew hakuwahi kuambiwa samahani na mtu wa ofisi. Alisimama akalimeza lile neno. Kisha akamgeukia mke wake akiwa mpole tena, hata mwenye kujivuna kidogo, akauliza, "Haya, nini?"

Rodah akamwambia. Aliposikia saa nane, akauliza sasa ni saa ngapi. Janefer ndiye aliyemjibu, akitazama saa ya msimamizi: saa nane na dakika kumi na tisa.

Walikimbia wote wawili. Sitaki kueleza jinsi walivyokimbia. Mathew alikuwa na mafua, Rodah alikuwa na goti.


Valary alikuwa amekaa mezani na fulana ya kijani ya shule, nguo pekee safi iliyobaki yenye ukosi. Nywele alikuwa amezifunga upya. Karatasi za vyeti zilikuwa mbele yake, zimepangwa. Alikuwa hivyo tangu saa nane, akitabasamu kidogo kwa kamera isiyo na mtu, ili uso usisahau.

Mathew aliingia akipumua kama mashine mbovu. Hakuketi. Alifungua simu pale pale mezani. Betri ikaanguka chini, laini ikamponyoka ikaingia chini ya kiti, na wote watatu wakapiga magoti kuitafuta. Valary ndiye aliyeiona. Aliiingiza kwenye modemu, na hakuwa na haraka tena. Mikono yake ilikuwa mitulivu, kama anayemchoma mgonjwa sindano.

Hawakuipandisha juu. Mathew aliishika kwa mkono, akatoka nayo dirishani kadiri waya ulivyofika, akainyoosha juu mvuani kwa mkono wake wote.

"Imeshika?" akauliza kutoka nje.

Taa ikabadilika rangi. Kila kitu kikafunguka, sawa kabisa, bila kosa hata moja, jinsi Kinuthia alivyosema kitafunguka. Kilikuwa na kasi kuliko zamani.

"Imeshika, baba."

"Haya, ongea nao! Waambie ilikuwa shida ya mtandao! Waambie ni mimi!"

Mlango wa mahojiano ulikuwa umefungwa. Kulikuwa na barua pepe mbili. Ya kwanza ni ya saa nane na dakika tano, ikimkumbusha kwa upole kwamba wanamsubiri. Ya pili ni ya saa nane na dakika ishirini na moja, ikimshukuru. Valary alizisoma zote mbili kimoyomoyo. Rodah hakujua Kiingereza kingi, lakini alikuwa anamtazama usoni, na hapo hakuhitaji Kiingereza. Akakaa kitandani, juu ya blauzi nyeupe iliyolowa.

"Wanasema nini?" Mathew aliuliza. Bado alikuwa nje, mkono juu, maji yakimtiririka ndani ya koti. "Valary? Wanasema nini?"

Programu mpya ya modemu ilitoa mlio. Kwenye kona ya kioo kikatokea kidirisha kidogo, meseji moja imeingia kwenye laini ya chai. Valary akaibonyeza. Akaisoma mara moja, akavuta pumzi, akamsomea baba yake kwa sauti ile ile ya kila jioni.

"Marekebisho ya Ijumaa," akasema. "Thelathini na moja, baba."

Mathew hakuitikia "Sawa". Alibaki pale nje ameinua mkono, kwa sababu hakuna aliyemwambia aushushe.